dictd au sdcv: ipi isimamie kamusi zako kwenye terminali?

Anayetaka kutafuta maneno bila intaneti na bila kufungua kivinjari ana njia mbili zilizokomaa kwenye Linux. Ya kwanza ni dictd, seva inayokaa nyuma ikijibu maswali ya programu ndogo iitwayo dict. Ya pili ni sdcv, inayosoma kamusi za muundo wa StarDict moja kwa moja kutoka kwenye folda. Zote ni za bure, zote husakinishwa kwa amri moja, na zote zinaweza kusoma maelezo ya maneno kutoka kwenye faili lililobanwa kwa dictzip, programu ya kubana faili za kamusi. Zinapoachana ni kwenye katalogi, yaani namna programu inavyojua una kamusi zipi, zinaitwaje, na ipi iulizwe kwanza.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: kama kamusi ni zako peke yako, kwenye kompyuta yako na kwenye kisomea vitabu chako, chukua sdcv. Kama ni za ofisi ya wafasiri, chumba cha habari au maabara ya shule, ambako watu kadhaa wanapaswa kupata jibu moja kutoka chanzo kimoja, weka dictd. Lakini kwa kamusi ya Kiswahili kuna jambo zito zaidi ya chaguo hilo, nalo ni jinsi vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa katika kamusi, vinavyoandaliwa kabla ya programu yoyote kuvigusa. Huko ndiko kamusi nyingi za kidijitali za lugha yetu zinakoangukia, na huko ndiko tutakaa kwa muda mrefu.

Katalogi inakaa wapi

Kwa dictd, katalogi ni maandishi. Kila kamusi ina faili mbili, lenye kiambishi .index na lenye .dict.dz, na lazima itajwe ndani ya usanidi kwa fungu kama hili:

database ofisi {
  data "/usr/share/dictd/ofisi.dict.dz"
  index "/usr/share/dictd/ofisi.index"
}

Kwenye Debian na Ubuntu huhitaji kuliandika kwa mkono. Weka faili zako mbili ndani ya /usr/share/dictd, kisha:

sudo dictdconfig -w
sudo systemctl restart dictd

Amri ya kwanza hupitia folda hiyo na kuandika orodha upya katika /var/lib/dictd/db.list. Usiihariri orodha hiyo kwa mkono, maana itafutwa na kuandikwa tena mara tu kifurushi kingine cha kamusi kitakaposakinishwa. Mabadiliko yako ya kudumu yaweke katika /etc/dictd/dictd.conf.

Kwa sdcv, folda yenyewe ndiyo katalogi. Kamusi ya StarDict ni faili tatu zenye jina moja la msingi: .ifo (taarifa), .idx (faharasa) na .dict au .dict.dz (maelezo), na wakati mwingine la nne, .syn, ambalo tutalirudia. Ziweke katika folda ndogo ndani ya ~/.stardict/dic na kazi imekwisha. Hakuna seva ya kuwasha upya wala haki za msimamizi. Ukitaka kamusi zikae kwenye diski nyingine, taja mahali hapo katika kigezo cha mazingira STARDICT_DATA_DIR, ukikumbuka kwamba sdcv itaongeza /dic mwishoni yenyewe. Kamusi zikiwa katika /mnt/data/kamusi/dic, kigezo kiwe /mnt/data/kamusi. Kosa hili la folda moja kuzidi au kupungua ndilo chanzo cha kawaida cha sdcv kuonyesha orodha tupu.

Amri za kila siku, upande kwa upande:

| Kazi | dictd | sdcv |
|---|---|---|
| Kuorodhesha kamusi | dict -D | sdcv -l |
| Kuuliza kamusi moja | dict -d ofisi kitabu | sdcv -n -u "Kamusi ya Ofisi" kitabu |
| Kutafuta kwa mwisho wa neno | dict -m -s suffix tabu | sdcv -n '*tabu' |
| Kutafuta ndani ya maelezo | haipo | sdcv -n '\|samaki' |
| Kuona takwimu za kamusi | dict -I | fungua .ifo |

(Katika mstari wa nne, alama ya mkwaju iliyo kabla ya kistari wima ni ya jedwali tu. Kwenye terminali andika kistari wima peke yake, ndani ya nukuu.)

Angalia mstari wa pili wa jedwali. dict hutaka jina fupi la kamusi, lile uliloandika baada ya neno database. sdcv hutaka bookname, jina refu lililo ndani ya .ifo, pamoja na nafasi na herufi kubwa zake. Ukipakua kamusi mbili zenye bookname moja, sdcv haitakupa njia safi ya kuzitenganisha. Dawa ni kufungua .ifo moja kwa kihariri cha maandishi na kubadilisha mstari wa bookname. Mstari huo ni salama kuugusa. Mistari ya wordcount na idxfilesize usiiguse kamwe, kwa sababu lazima ilingane na faharasa.

Kwenye usimamizi wa katalogi kubwa dictd inashinda waziwazi. Mpangilio wa kamusi katika usanidi ndio mpangilio wa majibu. Ukiuliza kwa dict -d '!' neno, seva itasimama kwenye kamusi ya kwanza yenye neno hilo, hivyo kamusi unayoiamini zaidi ikitangulia, jibu lake ndilo litakalotoka. Unaweza pia kuunganisha kamusi kadhaa chini ya jina moja kwa database_virtual, kwa mfano "sheria" ikajumuisha orodha tatu za istilahi za mahakama. sdcv haina kitu kama hicho. Inayokaribia ni kutenga folda kwa kila mada na kuita sdcv -x -2 /njia/ya/folda, ambapo -x huiambia isiangalie popote pengine.

Kujenga kamusi yako

Kamusi huria ya Kiswahili na Kiingereza ya mradi wa FreeDict ipo tayari kwa dictd, katika vifurushi dict-freedict-swh-eng na dict-freedict-eng-swh. Inafaa kujaribia mfumo, lakini ni ndogo. Ofisi yoyote ya tafsiri itaimaliza haraka na kutaka kuongeza istilahi zake.

Shauri letu ni moja bila kuyumba: chanzo chako kiwe faili moja la maandishi, UTF-8, kila mstari kidahizo, alama ya Tab, kisha maelezo. Vidahizo vya ziada vitenganishwe kwa kistari wima. Mstari mpya ndani ya maelezo uandikwe \n. Jina la kamusi liwekwe juu kabisa kwa alama mbili za reli, na baada ya neno name ni Tab:

##name	Kamusi ya Ofisi
kitabu|vitabu	nomino, ki/vi. Karatasi zilizounganishwa...
chakula|vyakula	nomino, ki/vi. Kitu kinacholiwa...

Kutoka hapo, StarDict hutengenezwa na PyGlossary, programu ya Python inayobadilisha miundo mingi ya kamusi:

pyglossary kamusi.txt ofisi.ifo

Itaandika .ifo, .idx, .dict (au .dict.dz) na, kwa sababu kuna vidahizo vya ziada, .syn. Kazi yake muhimu isiyoonekana ni kupanga faharasa. StarDict hutafuta kwa kugawa orodha katikati tena na tena, kwa hiyo .idx isiyopangwa kwa kanuni kamili ya muundo huo hufanya baadhi ya maneno yapatikane na mengine yapotee, bila ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo maana hatupendekezi kuandika .idx kwa hati yako mwenyewe, hata kama muundo wake unaonekana mwepesi.

Kwa dictd, faili hilohilo hupitishwa kwenye awk, programu ya kuchakata maandishi, na kuingia dictfmt, inayojenga faili za dictd:

awk -F'\t' '!/^##/{gsub(/\|/,"%%%",$1); gsub(/\\n/,"\n   ",$2); printf "_____\n\n%s\n   %s\n",$1,$2}' kamusi.txt | dictfmt -c5 --utf8 --headword-separator '%%%' -s "Kamusi ya Ofisi" ofisi

dictzip ofisi.dict

Chaguo la -c5 linatarajia mstari wa vistari vya chini vitano au zaidi, mstari mtupu, kisha kidahizo. Alama %%% huiambia dictfmt kwamba vidahizo kadhaa vina maelezo mamoja. dictfmt hukata mistari kwenye safu ya 72. Kama maelezo yako yana majedwali au mashairi, ongeza --columns 0 ili isiyavuruge. dictzip nayo hufuta faili la .dict na kubakiza .dict.dz, kwa hiyo tumia -k ukitaka yote mawili.

Usibane kwa gzip ya kawaida kisha ukabadilisha jina kuwa .dz. Kwa macho faili hizo zinafanana, na gzip inaweza kufungua ya dictzip, lakini kinyume chake hakiwezekani kwa kazi hii. dictzip hugawa data katika vipande na kuandika ramani yake mwanzoni mwa faili, ili programu iruke moja kwa moja hadi neno linalotakiwa. gzip haina ramani hiyo.

Pale Kiswahili kinapozishinda zote mbili

Programu hizi zilizaliwa zikitazamia lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Anayeandika mwanzo wa neno hupewa yanayofuata. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Msomaji amekutana na "vyakula" au "nilisoma" katika matini, kamusi ina "chakula" na "-soma", na utafutaji wa herufi za mwanzo hauwezi kuvuka pengo hilo.

dict isipopata neno hupendekeza yanayokaribia kwa mbinu iitwayo lev, inayoruhusu tofauti ya herufi moja tu. Hiyo inatosha kwa vitabu na kitabu, miti na mti, walimu na mwalimu. Haitoshi kwa watu na mtu, macho na jicho, vyakula na chakula, nyimbo na wimbo, ambapo tofauti ni mbili. sdcv hukubali tofauti zaidi kidogo, ila kwa gharama: maneno mafupi hurudisha rundo la yasiyohusika. Mbaya zaidi, hujaribu kwanza kukata viishio vya Kiingereza kama -s na -ing. Kwenye hati za kiotomatiki tumia daima -e, inayodai neno lilelile.

Kwa nomino suluhisho ni lile la mstari wa chanzo: andika umoja na uwingi wake kama vidahizo viwili vya maelezo mamoja. Kwa dictd vyote viwili huingia kwenye .index. Kwa StarDict uwingi huingia kwenye .syn. Kazi ya kuongeza uwingi inaweza kufanywa na hati kwa ngeli zinazofuata kanuni, lakini mtu lazima apitie orodha kwa macho: "kiboko" mnyama huwa "viboko", na hati hiyohiyo itakuletea "vijana" kwa usahihi, kisha iseme "viswahili".

Kwa vitenzi usijaribu kuorodhesha kila umbo. Nafsi, njeo, yambwa na mnyambuliko zikizidishwa, kitenzi kimoja huzaa maelfu ya maumbo na faharasa huvimba bila faida. Weka matatu au manne yenye kazi: shina, umbo la ku-, na minyambuliko iliyo hai katika matumizi, kwa mfano soma|kusoma|somea|somesha|someka. Sehemu ya mbele ikatwe na ganda la amri:

tafuta() {
  dict -d ofisi "$1" || dict -d ofisi "$(printf '%s' "$1" | sed -E 's/^(ni|u|a|tu|m|wa|i|ya|ki|vi|li|zi)(na|li|ta|me)//')"
}

Mantiki yake inategemea jambo moja zuri la dict: neno lisipopatikana, programu hurudisha namba ya kutoka isiyo sifuri (20 pakiwa hakuna kitu, 21 pakiwa na mapendekezo tu), hivyo sehemu ya pili hujaribiwa. "Nilisoma" huwa "soma", "yamevunjika" huwa "vunjika". Neno "walimu" lingekatwa vibaya kuwa "mu", lakini kwa kuwa uwingi umeorodheshwa, linapatikana mara ya kwanza na ukataji haufikiwi. Vitenzi vya silabi moja hubaki na ku-: "alikula" huwa "kula", si "la". Kwa hiyo kula, kunywa, kufa na kuja ni lazima viwepo katika umbo hilo. Yambwa itabaki kuwa tatizo, maana "alinipiga" itakatwa kuwa "nipiga". Kuongeza kundi la tatu katika kanuni kunawezekana, ila huanza kukata mashina halali, na kwa maoni yetu hasara ni kubwa kuliko faida.

Kwenye sdcv wazo ni lilelile, lakini ni rahisi kuangalia matokeo ya -j, ambayo hutoa majibu kwa JSON (muundo wa data unaosomeka na programu) yakiwa na sehemu za dict, word na definition. Humo hati yako hutambua kwa uhakika kama kuna jibu.

Ritifaa na kistari

Hapa uamuzi wa dictfmt una uzito. Bila chaguo la --allchars, dictd hupuuza kila alama isiyo herufi, tarakimu au nafasi. Maana yake "ng'ombe" hupatikana hata mtu akiandika "ngombe", na kidahizo "-soma" hupatikana kwa "soma". Upande wa pili, "ng'oa" ya kung'oa na "ngoa" ya wivu hutoka pamoja. Kwa kamusi inayosomwa na watu tunaona hiyo si hasara: msomaji huona zote mbili na kuchagua. Kwa mfumo wa kompyuta unaosahihisha tahajia, weka --allchars.

StarDict hailegezi hivyo. Hulinganisha herufi kama zilivyo, na ritifaa (alama ya ' katika ng') iliyonyooka si sawa na ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kamusi iliyokusanywa na watu watatu kwa programu tofauti huwa na zote mbili, na nusu ya maneno ya ng' hayaonekani. Safisha chanzo kabla ya kila ujenzi:

sed -i "s/’/'/g" kamusi.txt

Kuhusu kistari cha vitenzi, usikiweke kwenye kidahizo kabisa. Kwenye StarDict kitalazimu mtu aandike "-soma", na sdcv itadhani ni chaguo la programu. Atalazimika kuandika sdcv -n -- -soma, jambo ambalo hakuna atakayelikumbuka. Andika "soma", na kistari kikae mwanzoni mwa maelezo.

Kushirikisha wengine

dictd huzungumza itifaki ya DICT, iliyowekwa wazi mwaka 1997 katika RFC 2229, kupitia poti 2628. Mashine moja ya ofisi ikiwa na kamusi, nyingine zote zinahitaji dict tu:

dict -h 192.168.1.10 -d ofisi hakimiliki

Kinachokwamisha wengi ni kwamba usanidi wa Debian huifunga seva kwenye 127.0.0.1 pekee, yaani mashine yenyewe. Badilisha listen_to katika fungu la global la dictd.conf, kisha ruhusu poti hiyo kwenye ukuta wa moto kwa mtandao wa ndani tu. Itifaki haina usimbaji fiche, hivyo kila neno linaloulizwa husafiri wazi. Usiifungulie intaneti. Kuna na suala la haki: kamusi zilizochapishwa zina hakimiliki, na kuzinakili kisha kuzigawa kupitia seva kunahitaji ruhusa ya wenyewe.

Ukisasisha kamusi kwenye seva na kuiwasha upya, kila mtu anapata toleo jipya dakika hiyohiyo. Kwa sdcv inabidi kunakili faili kwenye kila mashine, na baada ya miezi michache mashine hutofautiana. Lakini sdcv ina kitu ambacho dictd haiwezi kutoa: faili zilezile za StarDict husomwa na programu ya GoldenDict kwenye kompyuta na kisomaji cha KOReader kwenye Kobo, Kindle na simu za Android. KOReader yenyewe hutumia sdcv ndani yake. Ziweke tu katika folda yake ya data/dict. Mwalimu anayesoma riwaya usiku bila mtandao atafaidi hilo kuliko seva yoyote.

Mwenye diski za kamusi za Kijapani za muundo wa EPWING asitarajie msaada kutoka kwa yoyote kati ya hizi. Katalogi yake ni faili la CATALOGS lisilo maandishi ya kawaida, na vifaa vyake ni vile vya maktaba ya EB, kama ebinfo na ebzip.

Inapogoma

dictd ikikataa kuanza na kulalamikia lokale (mpangilio wa lugha na herufi wa mfumo) ya C, ujue kamusi imejengwa kwa --utf8 lakini seva imewashwa katika mazingira yasiyo ya UTF-8, jambo la kawaida kwenye kontena. Iwashe kwa --locale C.UTF-8. Ikikuambia haiwezi kuruka ndani ya faili la gzip, rudia kubana kwa dictzip. Ikiendelea kutoa maelezo ya zamani, hukuiwasha upya: hufungua faharasa mara moja inapoanza na haitazami tena.

sdcv ikiikosa kamusi kwenye orodha, linganisha majina ya faili herufi kwa herufi, kwani Ofisi.ifo na ofisi.idx si jozi. Ikiorodhesha kamusi lakini uwingi haupatikani, angalia kama .syn ilinakiliwa, maana wengi hubeba faili tatu na kusahau la nne. Maelezo yakitoka na vitambulisho vya HTML, chanzo kilikuwa na HTML. Kwa terminali tumia matini tupu.

Kila baada ya ujenzi, pitisha orodha fupi ya maneno katika programu zote mbili: ng'ombe, vyakula, macho, kula, someka, na neno la mwisho kabisa kwenye faili la chanzo. La ng'ombe hupima ritifaa, ya uwingi hupima vidahizo vya ziada, na la mwisho huonyesha kama faili lilikatika njiani. Neno likikosekana kwenye programu zote mbili, rekebisha chanzo. Likikosekana kwenye moja tu, tatizo liko kwenye ujenzi wa upande huo, na chanzo kiachwe kama kilivyo.